Mzee alipovalishwa sensor za moyo, akagoma kwenda shambani

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni. Hii si chai, imetokea nyumbani kwetu Ulemo, Iramba.

Baba yangu alikuwa mtu wa shamba haswa. Alizeti, vitunguu, ng'ombe wa kulimia. Toka nakua sijawahi kumwona ametulia, hata ugali alikuwa anakula kama anawahi basi.

Sasa akaanza kuanguka. Yuko shambani, giza machoni, chini. Majirani nao na maneno yao, mara karogwa, mara mizimu. Mimi niliogopa siku moja ataanguka asiamke. Nikaomba likizo, nikampeleka hospitali Singida Mjini.

Wakambandika sensor kifuani, waya zinaingia kwenye kikasha kidogo kiunoni. Kinarekodi mapigo ya moyo kutwa kucha. Daktari akamwambia, "Mzee, nenda kaishi kama kawaida, kesho urudi."

Aisee! Kufika nyumbani, mzee kavaa koti la kanisani, kaketi uani. Jembe hagusi.

"Mashine ya watu hii. Nikaijaze vumbi, kesho nitawaambia nini?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Leo nimepata mgeni," akasema, akaenda kukamata jogoo.

Basi tukakaa naye. Mzee akafunguka! Alivyompata mama kwa kumrudishia mnyororo wa baiskeli uliochomoka mnadani. Majina ya ng'ombe wote aliowahi kulimia. Mdogo wake aliyefariki utotoni, ambaye mimi sikuwahi hata kumsikia. Jua linazama bado anaongea. Mtu mzima na ndevu zangu, ndiyo kwanza namfahamu baba.

Kesho yake results zikatoka: moyo safi kabisa. Daktari akashangaa, akamuuliza jana alifanya kazi gani.

"Nilitulia tuli, daktari, nisije nikawaharibia kifaa."

Daah. Daktari akamvalisha upya, akamwambia safari hii nenda kafanye kazi.

Akaenda kuvuna alizeti. Mchana kizunguzungu kikamshika, tukamdaka. Mashine ikawa imenasa kila kitu: akifanya kazi nzito, mapigo yanashuka badala ya kupanda. Tukapewa rufaa, akawekewa betri ya moyo, ile ya kusaidia mapigo yasishuke.

Hakuanguka tena. Ila na kukaa ndiyo ikawa basi. Nikienda likizo namkuta na jembe, ananiambia "tutaongea jioni", na jioni anasinzia na sahani mkononi. Mwaka juzi katangulia mbele za haki, uzee tu.

Somo: mzazi wako akivalishwa hivyo vipimo, mwambie afanye kazi zake zote za kila siku. Asikionee kifaa aibu, vinginevyo ugonjwa utajificha.

Hilo ndilo la kitaalamu. La moyoni ni kwamba nikimkumbuka baba, nakumbuka ile siku ambayo mashine haikuona kitu. Nimemmiss sana.

Haya wakuu, uwanja wenu. Wewe mara ya mwisho kukaa na mzee wako kutwa nzima ilikuwa lini?