Iko Narara Tu

Mimi mzaliwa wa Mombasa, na jambo hilo nililitangaza Kampala nzima bila kuulizwa. Nilifika kule na kazi ya reli, baadaye nikaiacha reli nikaingia karakana ya serikali pale Nakasero, idara ya betri. Betri za malori, betri za magari ya wakubwa, zote zilipita mikononi mwangu, na sikuwa na suruali isiyo na matundu ya asidi. Lakini sikujivunia betri, nilijivunia Kiswahili. Miaka ile ya utawala wa jeshi, Kiswahili cha mjini kilikuwa cha kambini, cha kuamrishana na kutishana, na kila nikikisikia niliona kama jino linaniuma.

Aliyepata tabu zaidi na jino langu alikuwa mlinzi wa lango, Muganda mtu mzima, amenizidi miaka kama thelathini. Aliniita fundi, nami nilimwita mzee, na heshima yangu kwake iliishia hapo, maana kutwa nilikuwa namsahihisha. Herufi za L na R kwake zilikuwa ndugu wa kuazimana nguo.

"Fundi, mimi nakwenda kura," alisema mchana mmoja, mkononi ana sahani ya matoke.

"Mzee, kura hazipigwi tena nchi hii. Sema kula."

Alitazama lango kwanza, kisha akanitazama mimi. "Banange, fundi! Huo mdomo wako utatuzika."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa mpumbavu, ila mpumbavu mwenye sarufi.

Sasa nije kwenye kigari kilicholeta kisa hiki. Mwenyewe alikuwa Mhindi mmoja wa duka la vitambaa, mgonjwa wa magoti, aliyekiagiza ng'ambo kimpeleke dukani na kumrudisha. Viti viwili, magurudumu ya kitoto, paa la bati, na chini ya kiti betri nane ndogo. Injini hakina, tangi hakina, bomba la moshi hakina. Kilikwenda kwa umeme mtupu. Wahindi walipofukuzwa, mwenyewe aliondoka na sanduku moja, na kigari akapewa Meja mmoja, mkubwa wa usafiri, ambaye sisi wote wa karakana tulikuwa chini yake.

Meja alikiendesha siku moja tu, kuzunguka ua wa karakana, akafurahi kama bwana harusi. "Hii gari hapana piga kelele!" alisema, akaomba tupige makofi, tukapiga. Kisha akakiegesha bandani, akakifunika turubai, akatoa amri mbili: mtu asikiguse, na kila Ijumaa kiletewe galoni mbili za petroli.

Petroli! Yarabi! Watu mjini wanashinda kwenye foleni wakisukuma magari kwa mkono, sisi tunaletewa petroli ya gari lisilo na mdomo wa kuinywea. Mtu wa kumwambia Meja kwamba amekosea alitakiwa awe hana watoto, na mimi nilikuwa nao watatu, kule Namuwongo kando ya reli. Basi petroli ikaja, mzee akafungua lango, mimi nikapokea dumu. Ilikwenda wapi? Iligeuka sukari na sabuni, nusu kwangu, nusu kwa mzee. Nasema wazi kwa kuwa nimezeeka, na Meja hayupo tena. Siku zile sikuuita wizi. Nilisema namsaidia mnyonge asiyeweza kunywa.

Ubaya ni kwamba nilijua. Betri ikikaa bila kuchajiwa hujila yenyewe kwa ndani, pole pole, mpaka ikaisha. Kigari kile kilitaka waya mmoja na siku moja ya chaja kila mwezi, basi. Lakini ningekichaji ningeulizwa kwa nini, na ningeeleza kwa nini, petroli ingekatika. Nikanyamaza miezi minane, nikanywa chai tamu.

Jumanne moja Meja akaja mwenyewe na askari wawili. Jumamosi kulikuwa na tafrija ya wageni katika bustani ya wakubwa, hapo hapo Nakasero, naye alitaka kuingia na mkewe ndani ya kigari, taratibu, bila mlio, wageni wote wakigeuza shingo. Akafunua turubai, akaketi, akakanyaga. Kimya. Akakanyaga tena. Kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ukatoka kinywani mwa Meja.

"Fundi! Iko nini?"

Nami, kwa kuwa Kiswahili ni changu, nikasimama wima nikajibu kwa ufasaha wangu wote: "Betri zimekufa, afande."

Askari mmoja aliyekuwa anatafuna muwa akaacha kutafuna. Meja akashuka.

"Imekufa?"

"Ndiyo, afande."

"Nani naua yeye?"

Lo! Kwetu betri hufa, saa hufa, hata biashara hufa, na hapana anayeulizwa. Katika Kiswahili cha Meja kitu cha mkubwa hakifi, huuawa, na aliyekiua ana jina na ana nyumba inayojulikana. Watu wa namna hiyo tuliwaona wakiingizwa kwenye buti za magari mchana kweupe, na hatukuwaona wakitoka. Na kilichonimaliza nguvu ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la haki. Aliyekiua nilikuwa mimi.

Nikakimbilia ufundi. "Afande, si mtu. Ndani ya betri mna risasi..."

"Risasi!" Mkono wake ulikuwa kiunoni kabla sijameza mate. "Wewe natia risasi ndani ya gari yangu?"

Nilitaka kumweleza kwamba risasi ni madini, kwamba zile za bunduki zimeazima jina kwayo. Wallahi, nilikuwa tayari kumfundisha Meja msamiati, bastola iko njiani! Ndipo mzee alipokuja kutoka langoni, kofia mkononi, anachechemea.

"Afande, samahani, ssebo. Huyu fundi ni mutu ya Mombasa, hajui Kiswahiri. Hii gari hapana kufa. Iko narara tu."

Meja akamgeukia. "Inalala?"

"Miezi minane hapana tembea, afande. Mutu akikaa bure, anarara. Fundi ataamusha."

Meja akakiangalia kigari, akakipapasa paa kama anampapasa mtoto kichwa, kisha akaangua kicheko. "Sasa hii ndiyo Kiswahili!" Akaninyooshea kidole. "Jumamosi saa nane, amsha yeye. Kama hapana amka, wewe nalala pahali yake."

Niliogopa, sina njia nzuri zaidi ya kulisema. Nilizifungua zile betri na kukuta zimeota unga mweupe ndani. Nikaziweka kwenye chaja Jumatano na Alhamisi kutwa, zikachemka, zikanuka, na nilipochomoa waya hazikuwa na nguvu hata ya kuwasha taa ya tochi. Nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini siweki sukari kwenye chai. Nilimwambia inaniumiza meno.

Ijumaa asubuhi ikaja petroli ya kigari, galoni mbili, kwa utaratibu wake. Mzee akanitazama, nami nikamtazama.

"Narara sana?" aliuliza.

"Mzee, zimekufa."

"Usiseme hiyo." Akaonyesha kwa kidevu upande wa ukutani, kwenye malori mawili ya jeshi yaliyoletwa kufungwa breki mpya. "Zire ziko macho."

Kila lori lilikuwa na betri mbili kubwa, na nne zile zilitosha badala ya nane ndogo. Jumamosi asubuhi nikazing'oa, nikazibana chini ya kiti kwa kamba na mbao, na saa nane juu ya alama Meja akakanyaga. Kigari kikateleza kimya kimya hadi bustanini. Meja akazunguka na mkewe, akazunguka na wake za wageni, akazunguka peke yake akipungia miti, mpaka jioni kikaanza kutambaa. Nikapewa soda na kupigwa bega. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimezirudisha betri kwenye malori, tupu kama vibuyu, nikisema nitazichaji Jumatatu kwa nafasi yangu.

Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, nami sikuwa nimeerevuka vya kutosha. Jumatatu asubuhi na mapema nilikuta ua umejaa askari wenye bunduki. Dereva wa lori la kwanza anazungusha ufunguo, hapatoki hata kikohozi. Wa pili vilevile. Meja alikuwa amesimama katikati yao, amevimba, maana malori mengine yote yalikuwa safarini.

"Fundi! Lori yangu iko nini? Mimi nataka fika Namuwongo sasa hivi, zoa wanaume yote pale kwa reli!"

Namuwongo. Nilimwacha mdogo wangu wa kiume kitandani, nilimwacha jirani yangu anafungua kibanda cha kuuza chai, niliacha wanaume wa mtaa mzima wakinawa nyuso. Kwenye chaja yangu betri zile zingetaka saa chache tu kuweza kuwasha malori, na kila mtu pale alijua kwamba fundi wa betri ni mimi.

"Imekufa?" Meja aliuliza, na sauti ilishuka. "Nani naua yeye?"

Mzee alikuwa langoni. Hakuja. Alinitazama tu, kofia kichwani.

Nikapiga saluti, mimi raia, mimi mtoto wa Mombasa niliyefundishwa ngeli na babu yangu kwa kiboko.

"Hapana kufa, afande," nikasema. "Iko narara tu."

"Naamka saa ngapi?"

"Hii narara sana, afande. Siku tatu."

Akalipiga teke gurudumu la lori la kwanza. Kisha akatema mate, akawaamuru askari washuke, na wakaondoka kwa miguu kurudi kambini. Mchana nilimtuma mwenzangu mmoja wa reli apeleke habari nyumbani, na siku tatu zilipokwisha, wanaume wa kando ya reli walikuwa wameshatawanyika kwa jamaa zao, Kalerwe na kwingineko. Malori yalikwenda, yakarudi matupu.

Jumatatu ile, askari walipotoka, nilikwenda langoni nikaketi chini karibu na mzee. Alinisogezea nusu ya mhogo wake.

"Kura, fundi," alisema.

Nikala. Sikumsahihisha.

"Sasa," akasema, "unajua Kiswahiri."