Mstari wa Mama

Mama yuko Handeni, mimi Korogwe. Ana kisukari, na daktari amemwonya kuwa mguu unaweza kukatwa. Kwa hiyo amevalishwa kidude mkononi, kinapima sukari na kuileta kwenye simu yangu. Shule niliiacha nikikimbia grafu. Sasa kutwa naitazama moja, mstari unatambaa taratibu kama ukungu wa Usambara, mpaka naona kama mama anatembea ndani yake.

Jana alasiri ukaanza kupanda. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama. Uko kwa nani?"

"Marahaba. Kwa bibi jirani. Umejuaje?"

"Sukari yako inapanda kama basi la Lushoto! Hiyo chai iache."

"Nimekaribishwa, mwanangu. Nimrudishie mwenyeji kikombe?"

Nikamsikia akimweleza bibi habari za kidude. Kisha bibi akaagiza chai nyingine, isiyo na sukari, akaanza kufoka.

"Wewe mtoto uliyemo humu, mbona hunisalimii?"

Mama akacheka. "Anaongea na mkono wangu!"

"Shikamoo bibi!" nikapaza sauti.

Jioni nikakaa mlangoni na simu. Mstari ulipinda, ukashuka polepole, na mimi nikamsindikiza mama mpaka kwake.