Watani wa Paka Mwenye Meno Marefu

Baba yangu alishindwa kutania kwenye maziko ya mtani wake, na kwa miezi mingi baada ya hapo hakukanyaga nyumbani kwa marehemu. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana, na kazi ya mtani msibani inajulikana. Azuie jeneza, aingie kaburini alale, aseme marehemu alizidi ubishi, mradi wafiwa wacheke. Baba alisimama pale Matogoro, akafungua kinywa, akaangua kilio. Mtu mzima na mvi zake! Nilimwonea huruma na aibu kwa pamoja. Mjane alimtazama tu, kisha akageuza uso.

Yeye na yule mtani wake Mhehe walikuwa askari wa wanyamapori, wakivilinda vijiji vya upande wa Mpitimbi dhidi ya simba, mpaka serikali ilipoanza kupunguza watu kazini na wote wawili wakapewa barua siku moja. Tangu hapo kila asubuhi walikuwa kwetu Bombambili wakibishana nani alimpiga simba gani. Mhehe alipokufa, baba akakosa wa kubishana naye, na nyumba ikapoa.

Mimi nilikuwa mwalimu, na nina ugonjwa wa udadisi, sikatai. Intaneti ilipofika mjini, chumba kimoja chenye kompyuta tatu na jenereta linalonguruma nyuma, nilikuwa mteja kabla hata kibao hakijakauka rangi. Siku hiyo nilikuwa natafuta habari za simba kwa ajili ya darasa langu, nikaangukia ukurasa wa baraza la wawindaji wa huko ng'ambo. Walikuwa wanashauriana namna ya kumwinda paka mkubwa mwenye meno kama majambia, mnyama aliyekwisha toweka duniani zamani za kale. Mmoja aliuliza atumie risasi gani. Mwingine akasema yeye alimkosa padogo sana, maana alifika porini amechelewa miaka elfu kumi tu. Wa tatu alilalamika kwamba mke wake kamkataza kutundika kichwa cha pili sebuleni, na cha kwanza chenyewe hajakipata.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akaja kuangalia kama nimeharibu kitu. Nikayanakili yote kwenye daftari, nikampelekea baba nikitumaini naye atacheka. Wapi! Akaanza kunihoji. Mnyama huyo alikula watu? Wa mwisho aliuawa na nani? Na hawa wanaocheka, wanamcheka kwa idhini ya nani?

"Aliyekufa hachekwi na watu baki," alisema. "Waulize wao ni nani kwake."

Nilikataa. Nikamwambia wale wanafanya mzaha tu, hawana ukoo wala msiba. Akaniuliza tena kesho yake, na keshokutwa, wakati siku hizo hata chakula alikuwa haulizi. Basi nikarudi kwenye kompyuta. Kwa Kiingereza changu cha ubaoni nikawaeleza utani ni nini, kisha nikawauliza wana haki gani ya kumcheka marehemu.

Wakadhani natania. Walifurahi hao! Mmoja akapendekeza nichaguliwe msimamizi wa mazishi ya paka, mwingine akauliza kama keki itakuwepo, kama sisi tunavyoulizia pilau. Nilikasirika, nikawa natafuta pa kuufungia ukurasa. Lakini chini kabisa kulikuwa na mmoja aliyejibu kwa upole. Alisema wapo wataalamu wanaodhani kwamba binadamu wa kale walichangia kummaliza mnyama yule, kwa kugombania naye nyama. Akasema akiliwaza jambo hilo husikitika sana, na akishasikitika ndipo hutania.

Nilimsomea baba. Akaomba nirudie, nikarudia.

"Basi ni watani kweli," alisema. "Walipigana naye kwanza." Akajikuna kidevu. "Mimi nilidhani nikishalia, nimekwisha kuiharibu kazi ya mtani."

Misa ya mwaka ya yule Mhehe ilipofika, baba alivaa koti tukaenda Matogoro. Sitaki kudanganya, niliogopa. Akilia tena, nilijua hatatoka nje ya nyumba mpaka naye tumzike. Sala zilipokwisha kaburini alisogea mbele ya mjane, na kidevu kilikuwa kinamcheza.

"Shemeji, mwaka huu mbwa wa Matogoro wamezidi. Wanatembea barabarani wanajidai. Nikajiuliza amani hii wameipata wapi? Kumbe aliyekuwa akiwala tumemlaza hapa."

Kuwatania Wahehe kwamba wanakula mbwa si jambo jipya, hata watoto wa chekechea wanalijua. Lakini siku hiyo hakuna aliyethubutu kucheka kwanza. Watu wote walimtazama mjane. Mabega yake yakaanza kutikisika, akainama, akashika tumbo, na kicheko kikamtoka kwa sauti mpaka katekista naye akashindwa kujizuia. Baba alikuwa analia waziwazi, machozi yanadondokea koti, na bado anaendelea: kwamba Mhehe huyu hakuwahi kupiga simba hata mmoja, simba wenyewe walikufa kwa kumcheka anavyolenga. Nilifurahi mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Mjane alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamshika baba mkono.

"Haya, mtani," alimwambia. "Sasa ndiyo tumemzika."