Breki za Mzee Malale

Gervais wa gereji ya Majengo anagombana na kila kitu. Anagombana na nati, anagombana na jua, anagombana na redio ya kinyozi wa jirani. Ila mpe paipu ya breki mkononi uone, anatulia kama anamnyoa mtoto mchanga. Kazaliwa Katumba, kwenye makazi ya Warundi, kwenye tumbaku, na tumbaku aliikataa akiwa na miaka kumi na sita. Alisema hawezi kunuka vile mpaka anakufa. Sasa hivi ananuka mafuta ya magari. Afadhali, anasema.

Mwezi mzima alikuwa na Bedford, lori la zamani la Mzee Malale. Kuiita Bedford ni heshima tu. Pua ndiyo Bedford, injini ya Fuso, usukani wa Isuzu, bodi la mbao jipya, limepakwa bluu ya kuumiza macho. Ndaki, mtoto wa mzee, ndiye aliyetaka ifufuliwe. Sasa gari ya hivyo huwezi kuingia dukani ukasema nipe paipu zake za breki. Watakucheka. Kila paipu unaizaa mwenyewe.

Na kulikuwa na haraka. Macho ya mzee yalikuwa yanakwenda. La kushoto lilishazima, la kulia daktari alisema mwaka haliumalizi. Mzee hakuomba mbuzi wala sherehe. Aliomba aendeshe gari yake mwenyewe, mzunguko mmoja tu kwenye uwanja wa mpira nyuma ya gereji, wakati bado anaiona hiyo bluu.

Basi kila asubuhi Ndaki anamleta na pikipiki toka Mwamkulu, anamkalisha kwenye tairi bovu. Gervais anapima na kamba, anakata paipu, anapiga tupa, anavalisha nati kwanza, ndiyo anapanua mdomo wa paipu. Ukisahau nati umekwisha, unakata unaanza upya. Kona anazikunjia kwenye chupa ya soda ili paipu isivunjike kiuno. Mzee anazipapasa kwa vidole.

"Hii kona umeipatia, ng'wanone, mwanangu."

"Mzee, toa mkono, nitakukata."

"Nikate mara ngapi? Hii gari imenikata tangu hujazaliwa."

Jumamosi paipu zote zikawa zimefungwa kwenye chesisi. Wakatoa upepo kwenye breki, Ndaki juu anakanyaga, Gervais chini anafungua na kufunga. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Mpaka pedali ikawa ngumu kama jiwe, na ukiachia inarudi yenyewe. Gervais akatoka chini ya gari anacheka, kitu ambacho Majengo hawajakizoea. Wakapanga mzee aendeshe Jumatatu. Jumapili Gervais akaenda Katumba kusali na mama yake.

Jumatatu akafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni. Akanusa. Mafuta ya gia. Raba ya kifuniko ilikuwa imevimba kama andazi.

"Yebabawe! Nani kagusa hapa? Mbwa gani kagusa hapa?"

Kinyozi akazima redio.

"Mimi," akasema Mzee Malale kutoka kwenye tairi lake. "Jana Ndaki alinipitisha hapa, akanunua sigara. Nikapapasa kile kikopo nikakuta kimepungua. Dumu lilikuwa hapo hapo mezani, nikakuongezea. Nikapanda, nikakanyagakanyaga kidogo. Raha!"

Gervais akafungua mdomo. Matusi yote aliyonayo, ya Kirundi na ya Kiswahili, yalikuwa yamepanga foleni. Akaliangalia lile jicho moja, lina maji maji, linatafuta uso wake na halijui uko wapi. Akafunga mdomo. Hata yeye hakujua kama anaweza.

Akamvuta Ndaki pembeni.

"Raba za ndani zimevimba zote. Akikanyaga, breki inashika haiachii."

"Badilisha."

"Na nini? Na ndala?"

Wakapiga simu Tabora. Hakuna. Wakapiga Mbeya, jamaa akasema atatafuta, labda mwezi wa kumi. Wa Dar ndiyo alicheka kabisa. "Bedford? Kaka, hiyo ulizia makumbusho."

"Si ulegeze nati moja ya paipu?" akasema Ndaki kwa sauti ya chini. "Breki iachie. Azunguke tu, basi."

"Iachie, atasimamaje? Pale uwanjani kuna watu. Nikulegezee breki, halafu dereva ni baba yako?"

Mikono ya Gervais ilikuwa imefanya kila kitu sawa, kila mdomo, kila kona, na haikusaidia chochote. Alitamani angalau kuwe na mtu wa kumpiga.

Walipogeuka, mzee alishapanda. Hakuna aliyemsikia. Alikuwa nyuma ya usukani, kofia kaivua kaiweka magotini, akawasha. Fuso ikanguruma vizuri kuliko siku zote. Akakanyaga breki kuijaribu, kama dereva wa zamani. Akaingiza gia, akaachia klachi. Bedford ikainua pua, ikatetemeka mbao zote, ikazima pale pale.

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Fundi! Hizi ndizo breki! Hata Fuso haizing'oi!"

Akawasha tena. Ikatetemeka, ikazima. Akawasha tena.

"Umeweza, ng'wanone," akaita, uso wake dirishani umegeukia upande ambao Gervais hakuwepo. "Sasa niachie. Toa hilo jiwe uliloweka kwenye tairi, twende."

Hapakuwa na jiwe lolote. Gervais akainama chini ya gari, akakaa huko muda, kama mtu anayetoa jiwe.