Intaneti ya Kupitisha Mikono

Walimwita Mama Vidole. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, naye alianza kuongea kwa mikono kabla ulimi wake haujashika neno. Alipokua akawa mkalimani wa lugha ya alama hospitalini, na kwa miaka ishirini na miwili alisimama kati ya daktari na mgonjwa asiyesikia. Aliyoyajua humo yaliishia humo. Hata wifi yake, dada wa marehemu mumewe aliyeishi naye nyumba moja, alikuwa amechoka kumchimba. "Wifi, wewe ni kaburi," alimwambia. "Tena kaburi la saruji."

Kisha akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Mfupa uliunga, lakini zile korido ndefu za hospitali hakuziweza tena. Wakubwa wake hawakutaka kumpoteza. Wakampa kompyuta, wakamwambia atafsiri kwa video akiwa nyumbani.

Shida ikawa intaneti. Alianza na vifurushi vya simu, na picha iliganda ilipojisikia. Siku moja daktari alisema kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Mama Vidole akaeleza kwa mikono. Picha ikakwama katikati, na mzee wa upande wa pili akaambulia "mbili" tu. Bahati nzuri yule daktari alikuwa na mazoea ya kumtaka mgonjwa arudie alichoelewa. Mzee alipoonyesha vidonge viwili vikienda mdomoni kwa mkupuo mmoja, Mama Vidole alianza upya: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Anayesikia, picha ikikwama, huenda akaipata sauti. Kiziwi atapata nini?

Ndipo akaamua kuweka intaneti ya nyumbani. Wa kwanza kufika alikuwa muuzaji wa ile ya antena ya juu ya paa, kijana mwenye mdomo wa asali.

"Mama, hii siyo intaneti, hii ni risasi!"

"Ni risasi ikija kwangu, au ikitoka kwangu?"

Kijana akababaika. "Yaani... ukifungua sinema, haikwami hata kidogo."

"Mimi siangalii sinema, mwanangu. Mimi ndiye sinema. Nataka mikono yangu ifike."

Hakubishana naye zaidi. Jirani yake, fundi wa makochi, alikuwa na huduma hiyo hiyo, basi akaenda kuijaribu kwake saa moja jioni, wakati kila nyumba imeingia mtandaoni. Akampigia video rafiki yake kiziwi, mshonaji wa sare za shule. Mshonaji alimtazama kidogo, akacheka, akajibu kwa mikono: vidole vyako vimeungana kama mguu wa bata.

Akachukua huduma ya pili, ya waya unaotoka kwenye nguzo hadi ndani, ambayo kasi yake ya kupeleka ilikuwa sawa na ya kuleta. Alisubiri wiki tatu. Fundi aliyekuja alikuwa mwanamke mwenye buti zilizomzidi miguu. Alifunga kisanduku ukutani, akasema, "Neno la siri lililobandikwa hapa chini ni la kiwandani, mama, libadilishe. Kompyuta ikiomba kusasishwa, iruhusu. Na sisi hatupigi simu kumwambia mtu aingize kitu kwenye kompyuta yake."

"Nimekusikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Kubadilisha akaweka kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Wifi yake naye alipoambiwa kwamba kile kisanduku ndicho Wi-Fi, aliguna. "Basi nyumba hii ina wifi wawili, na huyu wa ukutani ndiye anayedekezwa."

Mwezi mzima mambo yalikwenda shwari. Kisha asubuhi moja simu ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya adabu alijitambulisha kuwa anatoka kampuni ya intaneti. Kompyuta yako imeingiwa na virusi, alisema. Muda si mrefu video zitaanza kukwama. Hapo ndipo alipompata. Neno "kukwama" lilimrudisha Mama Vidole kwa yule mzee na vidonge vyake. Maisha yake yote alikuwa amewasoma watu usoni na mikononi, na simu haina uso. Akafuata kila alichoambiwa, akapakua programu ndogo, akamsomea tarakimu tisa zilizotokea.

Mshale wa kwenye kioo ukaanza kutembea wenyewe. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mshale ukapita kwenye barua pepe, ukafungua orodha ya wagonjwa wake: majina, tarehe, na kliniki anayohudhuria kila mmoja. Mama Vidole akaung'oa waya ukutani kwa nguvu, kisanduku kikabaki kinaning'inia.

"Mama? Upo, mama?" sauti ikaita. Akakata simu.

"Funika kombe mwanaharamu apite," wifi yake akamnong'oneza. "Nani atajua?"

"Wao ndio wanaopaswa kujua, wifi. Siri ni zao."

Siku ile ile akaiarifu hospitali. Wakamsimamisha kazi ili wachunguze. Fundi wa buti akaja tena, akaifuta kompyuta yote na kuipanga upya. Wakabadilisha maneno ya siri, kila mahali na lake, na la kisanduku pia. Barua pepe ikawekewa namba ya pili inayotumwa kwenye simu. Fundi hakumlaumu. "Mama yangu mzazi aliwasomea tarakimu kama hizo," alisema huku akikaza skrubu.

Kazi ngumu ilikuwa wagonjwa. Kwa ruhusa ya hospitali aliwapigia video wote kumi na wanane, mmoja mmoja. Kwa lugha ya mikono huwezi kuungama huku umeinamisha uso, lazima mtazamane. Mwanamume mmoja, ambaye hata mkewe hakujua kliniki anayokwenda, alitoa ishara moja tu, "Nilikuamini," akazima. Mpaka leo anatumia mkalimani mwingine. Mshonaji, ambaye naye alikuwa kwenye orodha ile, alimkaripia vilivyo, kisha akamuuliza: umekula lakini? Hapo Mama Vidole akalia.

Baada ya wiki tano wachunguzi walisema kwamba, kadiri walivyoweza kuona, orodha ilifunguliwa lakini haikuchukuliwa. Akarudishwa kazini. Sasa orodha haikai kwenye kompyuta, na kabla ya kila miadi huinua kompyuta yenyewe na kuizungusha chumba kizima, mgonjwa ajionee: mlango umefungwa, viti vitupu, hakuna mtu.

Juzi mama mmoja mjamzito naye akazungusha simu yake kumwonyesha chumba chake. Kamera ikapita kwenye beseni la nguo, ikapita dirishani, ikamkuta mama mkwe nyuma ya mlango, shingo imemrefuka, ingawa hajui hata alama moja. Wakacheka wote wawili hadi daktari akauliza wanasemaje.

"Bado, daktari," Mama Vidole akajibu. "Kwanza kuna mtu tunamtoa nje."