Porojo za Dirishani

Nilipoolewa nilitoka Makadara nikaletwa Kibokoni. Ni mwendo mfupi tu, lakini bibi harusi aliyefunikwa hajui kwamba ni karibu. Nyumba ya mume wangu ilikuwa ya ghorofa, na kichochoro kilichotutenga na nyumba ya mbele kilikuwa chembamba, hata mimi na jirani tukinyoosha mikono tuliweza kupeana bakuli la mbaazi.

Jirani mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, binti yake wa pekee ameolewa Lamu. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa mpaka kiharusi kilipompiga. Sikuwahi kumwona mzee huyo. Nilijua tu kwamba amelala chumba kile kile chenye dirisha, hasemi wala hainuki, na mara moja moja nilimsikia akikohoa.

Mama yule alikuwa na maneno. Si umbea, maana mmbea huwa na habari, na yeye habari hakuwa nazo.

"Sabalkheri, mwanangu. Waona mchele wa leo? Umejaa chuya. Wa juzi haukuwa na chuya. Au ulikuwa nazo? La, ulikuwa ule wa Alhamisi."

"Naam, mama."

Basi hapo aliendelea. Paka wa rangi ya majivu amepita, sasa arudi. Muuza kahawa leo amegonga vikombe mara tatu, jana aligonga mara mbili. Vigari vya Wazungu vya kusukumwa vimesikika vikipita juu ya reli zao, na leo wasukumaji hawaimbi. Haya yote aliyasema kwa sauti kubwa, kana kwamba mimi niko Likoni, ng'ambo ya maji.

Mume wangu alikuwa karani wa forodha, mtu wa maneno machache. "Porojo tupu," aliniambia akila chakula cha mchana. "Funga dirisha, upumzike."

Asubuhi moja ya kaskazi, joto limenizidi na mimba yangu ya kwanza yanichefua, jirani akaanza tena habari za mchele.

"Mama," nikamkata, "hayo umeniambia jana. Na juzi pia."

Akauweka ungo wake chini. Kisha akasema taratibu, "Kweli, mwanangu. Niwie radhi."

Nikafunga dirisha. Nisiseme uongo, siku ile nilifurahi kwa ule ukimya. Lake nalo halikufunguliwa tena, siku tisa. Siku ya tisa, baada ya alasiri, kilio kikatoka nyumba ile. Mzee amefariki.

Nilikwenda matangani kama jirani. Siku ya tatu, wanawake walipopungua, mama akaniashiria nikae karibu naye.

"Alikupenda sana," akasema.

"Nani, mama?"

"Huyu mzee. Alitaka kujua nani amepita kichochoroni, nini kimesikika. Mwenyewe hawezi kuinuka, basi mimi ndiye niliyemtazamia. Lakini mgonjwa ukimsimulia uso kwa uso, huzidi kujiona mgonjwa. Nikisema nawe, yeye husikiliza tu, kama mtu aliyekaa barazani na wenzake. Na wewe ukiitikia kwa ile sauti yako ya kuchoka, alikuwa akicheka. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa ungali wacheka."

Nilishindwa kumtazama. "Na hizi siku za mwisho, mama?"

"Nilimsimulia mwenyewe," akajibu, akitengeneza leso yake kichwani. "Alisikia."

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nilirudi nyumbani nikalia kuliko nilivyolia jeneza lilipotolewa.

Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki wala hachungulii dirishani. Kila asubuhi mume wangu akishaondoka nilivuka kwenda kukaa naye. Alikuwa amenyamaza kabisa, na ule unyamavu wake ndio ulionitisha. Nikajaribu kumzungumzia mimi. Visa vyenye kichwa na mkia nilivimaliza kwa siku mbili, naye akiitikia kwa kichwa tu. Sikujua kwamba porojo ni kazi, hata nilipozitafuta nikazikosa.

Siku moja nikamwambia, "Mama, yule Mhindi wa mafuta ya taa amehamisha pipa lake. Lilikuwa kulia, sasa liko kushoto."

Akainua macho. "Kushoto ukiingia au ukitoka?"

"Ukiingia."

"Basi litamsumbua. Mlango wake wafungukia huko huko."

Tukalizungumza pipa lile mpaka adhana ya adhuhuri. Mume wangu aliporudi hakukuta chakula.

"Mlikuwa na jambo gani?" akaniuliza.

"Pipa," nikasema.

Akachukua mkate uliobaki asubuhi, akala na chai. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema lolote juu ya dirisha.

Eda ilipokwisha, binti alikuja akampeleka mamake Lamu, nami nilikuwa karibu kujifungua. Nyumba ikanunuliwa na watu wapole sana, wenye adabu. Kila asubuhi hunisalimu vizuri, huniuliza hali ya watoto, kisha huvuta dirisha lao. Hawajawahi kunikosea kwa lolote. Lakini asubuhi za Kibokoni zimekuwa ndefu tangu pale, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisimama na ungo wangu wa mchele mkononi, sina wa kumwambia umekuwaje.