Foniste Ndiye Huthibitisha Kifo

Anayetaka kufunga foni, redio ya kuita na kuitika, aanze na antene, si na chombo. Watu hununua chombo kizuri, wakakiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma, halafu wakatupa waya juu ya mabati kama wanaanika nguo, na jioni wanalalamika kwamba Walikale haisikiki. Itasikikaje? Waya unataka kuwa juu, mahali pa wazi, mbali na mabati na majani, umenyooshwa kati ya miti miwili, na kebo ishuke kutoka katikati yake. Tena ubavu wa waya ndio unaotazama unakotaka kuongea, si ncha. Pale Lushebere niliufunga kwenye mikaratusi miwili nyuma ya duka, ubavu ukitazama Walikale. Nilipanda mwenyewe, kwa sababu wanaume waliokuwepo walikuwa na maoni tu.

Duka lilikuwa la mfanyabiashara kutoka Butembo. Alinunua foni ili afuatilie malori yake, na malori yakinyamaza, watu wa kambi ya wakimbizi walikuja kutafuta ndugu zao. Msidhani simu zimeimaliza foni. Mnara wa simu kwetu hufa kila mara, na kule kareyeri, machimboni katikati ya msitu, hakuna mnara wa kufa. Mfanyabiashara huyo ndiye aliyenifundisha kazi, kwa matusi. Siku moja nilibonyeza mikro kabla ya kuunganisha antene, jambo linaloweza kuunguza chombo, na alinitukana mbele ya wateja, mimi pamoja na ukoo wangu wote wa wakulima wa milimani. Nilimchukia, lakini sikurudia kosa. Tangu hapo na mimi nafundisha kwa mdomo uleule.

Kuongea kwenyewe ni rahisi. Waya mwekundu wa betri kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Shika mikro karibu na mdomo, lakini usiimeze. Bonyeza kitufe, subiri kidogo, sema, malizia na “à vous”, yaani zamu yako, kisha achia ili mwenzako ajibu. Hawawezi kuongea wawili kwa pamoja. Wengi jambo hili dogo huwashinda: hubonyeza wakati wa kusikiliza, huachia wakati wa kusema, na hupiga kelele mpaka nawaambia watoke nje waite Walikale kwa mdomo mtupu. Tena foni haina siri. Kila kituo kilicho kwenye mawimbi hayo kinasikia, kuanzia Sake mpaka msituni.

Basi akaja mwanamke mmoja wa kambini, mtoto wake wa kike mgongoni. Mume wake alikuwa kareyeri huko Walikale tangu zamani, na alikuwa ametuma neno kupitia foniste, mwendesha foni wa huko, kwamba anataka kuongea na mkewe. Mwanamke alioga, akavaa kitenge chake kizuri. Alidhani anaitwa amfuate. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mtu mwingine aliyekuja, tukawa sisi watatu tu dukani. Nilimtania kwamba amejipamba kwa ajili ya sanduku la chuma. Alicheka.

Mume alipoingia hewani hakumsalimia. Alisema ana mwanamke mwingine huko, na huyo mwanamke hazai. Alisema mama yake mzazi angetoka Kalembe siku ya soko kuja kumchukua mtoto, ili apelekwe kwa yule mke mpya, na mama wa mtoto arudi kwao kama kwao bado kupo. Yote hayo aliyasema kwa pumzi moja, bila kuachia kitufe. Hiyo ndiyo raha ya foni kwa mtu katili: akiendelea kubonyeza, wewe huna mdomo. Mwanamke alianza kumjibu katikati, anabonyeza na kulia. Nilimtoa kidole kwa nguvu, nikamwambia anapoteza machozi yake, huyo hasikii kitu.

Mume alipomaliza, kikabaki chombo kinavuma. Mwanamke alifuta uso. Akashika mikro vizuri, karibu na mdomo lakini bila kuimeza, akabonyeza, akasubiri kidogo kama nilivyomfundisha.

“Mutoto alikufa,” akasema. “À vous.”

Mtoto alikuwa mgongoni mwake, macho wazi, anatafuna hindi.

Kwetu habari ya kifo haiaminiki kwenye foni mpaka foniste mwenyewe airudie kwa sauti yake. Mwenye uchungu anaweza kusema lolote, na mwenye hila vilevile, lakini sauti ya foniste vituo vyote vinaijua. Ndiyo heshima pekee tuliyo nayo. Mume akauliza kwa sauti nyingine kabisa.

“Foniste, sema wewe. Njo kweli? À vous.”

Mwanamke hakunibembeleza. Alinitazama tu. Nikamfikiria yule bwana akisubiri kule na mke wake mpya, na hasira ikanipanda. Mtoto alikuwa ameanza kusema maneno yake ya kitoto, na mikro ikiwa wazi huokota kila kitu, hata kuku wa uani. Nikachukua biskuti kwenye rafu, nikaitia kinywani mwa mtoto, nikabonyeza.

“Hapa Lushebere. Ni kweli. Mutoto alikufa na homa. Pole, papa. À vous.”

Alilia, na mimi nilifurahi kumsikia akilia. Sijutii. Kisha vituo vikaanza kuingia kimoja kimoja kutoa pole: Sake, Kalembe, na vingine vya msituni. Mwanamke aliketi juu ya gunia la maharagwe akipokea rambirambi za mtoto aliyekuwa anamdondoshea makombo shingoni. Kesho yake alipanda lori la viazi kwenda Sake pamoja naye. Nilimkataza kuniambia wanaelekea wapi baada ya hapo.

Sikumfikiria bibi wa mtoto. Alikuja siku ya soko kama ilivyopangwa, kwa miguu kutoka Kalembe, tope mpaka magotini, na sweta ndogo ya manjano aliyoifuma mwenyewe. Aliingia dukani, akaniamkia kwa heshima, akaniomba nimwonyeshe kaburi la mjukuu wake. Nilimkasirikia. Angebaki kwake alie huko huko. Lakini kumwambia ukweli ilikuwa sawa na kumwambia mwanawe, na mwanawe angefika Sake kesho yake kuwatafuta.

Nyuma ya kambi kuna makaburi madogo mengi, mengine hayana hata msalaba. Nilimpeleka, nikamwonyesha moja lenye udongo mpya. La mtoto wa nani, sijui. Alipiga magoti, akang’oa majani kwa mkono, akachimba kidogo na kuifukia sweta. Nilisimama pembeni nikitazama asije akatokea mwenye kaburi lake.

Tuliporudi aliomba kuongea na mwanawe. Nikawasha chombo, nikamwita mume, nikamshikisha bibi mikro na kumwelekeza kidole.

“Mwanangu, kaburi nimeliona,” akasema. “Nimelisafisha na mikono yangu. Usimusumbue tena ule mwanamuke. Mimi nilikuwa namungojea huyu mutoto, nilishamutandikia kitanda.”

Hakusema “à vous”. Alijiinamia mezani akilia, na kidole chake kikabaki kimebana kitufe, kwa hiyo kilio chote kikawa kinakwenda Walikale, na Sake, na kila palipo na chombo. Kazi ya foniste ni kuachilia kidole cha mtu kama huyo, upesi, kwa ajili ya betri na kwa ajili ya aibu. Nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha. Kadiri watu wengi walivyomsikia, ndivyo yule mtoto alivyozidi kuwa salama. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwacha alie hewani.